Habari za Gurudumu Lililolia

"Nimesema gari haitoki," alinena mume wangu kwa mara ya tatu, amesimama katikati ya ua na kandambili zake, mkono wa kulia umeshika funguo, wa kushoto umeshika kipande cha mkate kilichopakwa siagi. "Ikitoka, inatoka imefungwa mnyororo."

"Na mimi nimesema saa nane mama yako awe mazoezini," nikamjibu. "Atakwenda na nini, na ufagio?"

"Ekseli imekwisha, mama watoto."

"Nani kasema?"

"Fundi."

"Fundi ameiona?"

"Ameisikia."

Hapo hapo, kwenye neno hilo moja, ndipo inapoanzia habari hii kuu. Basi kusanyikeni, enyi wenye magari, nanyi mnaoitwa kuyasukuma. Vuteni viti, punguzeni redio, watoto wapeni kitu cha kutafuna. Nitakayoyasimulia hayakutendeka katika enzi za wafalme wala kwenye nyanda za mapigano, bali kwenye ua wetu wa saruji, kati ya tangi la maji na kamba ya nguo, siku ya Alhamisi, tangu saa nne asubuhi hadi saa saba na dakika arobaini na moja. Nitawataja majemadari na silaha zao. Nitaeleza jinsi siri ilivyofichwa na jinsi ilivyofichuliwa. Chumvi sitaongeza, kwa sababu nina nguo kwenye beseni na muda wa chumvi sina.

Kwanza mjueni Kobe. Ndiye gari letu, na jina hilo alilipata kwa rangi na kwa mwendo: Kobe mbeba magunia, Kobe mbeba wakwe, Kobe mwenye milango minne ambayo mitatu hufunguka. Mvua zimempiga, jua limemchubua, mashimo ya barabarani yamemfundisha unyenyekevu, wala hajawahi kutuacha njiani isipokuwa mara chache, na mara hizo zote tulistahili.

Wa pili ni mama mkwe wangu, Malkia wa Cherehani, mtawala wa uzi na sindano, aliyewavika sare wanafunzi wa shule tatu kwa miaka arobaini, na ambaye hata leo akikutana na mtu mzima njiani humwangalia pindo kwanza, uso baadaye. Miezi mitano iliyopita aliteleza bafuni, nyonga ikavunjika. Akaungwa. Akaanza mazoezi mara tatu kwa wiki, kwanza kwa fremu ya chuma, kisha kwa magongo mawili, sasa kwa fimbo moja. Mkufunzi wake alikuwa amemwambia kwamba akihudhuria wiki tatu zilizobaki bila kukosa, fimbo ataitundika ukutani. Akikatiza sasa, nyonga itakakamaa na kazi itaanza upya. Na si kila gari anaweza kulipanda. Ni kiti cha mbele cha Kobe peke yake, kilicho chini na kinachorudi nyuma karibu kulala, ndicho kinachompokea bila kumuumiza. Teksi tulijaribu siku moja. Ilibidi dereva na mimi tumwingize kama gunia la mchele, naye akaapa kwamba safari nyingine ya namna ile itakuwa ya kwenda makaburini.

Sasa pimeni wenyewe uzito wa neno mnyororo. Karakana ya yule fundi tunaijua. Mara ya mwisho Kobe alipelekwa kule kubadilishwa kioo cha pembeni, akakaa wiki tisa. Siku tulipomfuata tukakuta kuku anaatamia kwenye kiti cha nyuma, na fundi akatuomba tuvumilie mpaka vifaranga vitoke.

Wa tatu ni mume wangu, Mshika Funguo, Baba wa Tahadhari. Mungu alimjalia vitu viwili kwa wingi: sauti, na hofu ya miteremko. Sauti yake ni nzito kiasi kwamba akisalimia jikoni, vikombe huitikia kabatini. Kuhusu miteremko, ua wetu ni tambarare hata maji ya mvua hayajui yaelekee wapi, lakini yeye akishaegesha huvuta hendibreki kwa mikono miwili mpaka jino la mwisho, huingiza gia, kisha hushuka na kuweka tofali nyuma ya gurudumu. Tofali hilo lina miaka kumi na moja kazini. Halijawahi kusukumwa na kitu.

Wa nne ni mimi. Nina diploma ya utunzaji wa maghala, nina buti za mpira, na nina ulimi. Yatosha.

Adui alijitokeza Jumanne. Nilikuwa nampeleka mama mazoezini, na tulipopita kona ya kwanza tu, nyuma ya gari kukaanza sauti. Kobe akawa mzito kama anayevuta jahazi nchi kavu. Nikiondoa mguu kwenye mafuta, badala ya kuteleza mbele kwa raha zake, alisimama mwenyewe kama aliyeitwa jina. Tulipofika kulikuwa na harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Jumatano mume wangu akaliendesha hadi dukani, akarudi amekunja uso, akajifungia chumbani na simu. Alipotoka alikuwa na hukumu: beringi imekufa, imekula ekseli, na Alhamisi saa saba na nusu litakuja gari la kuvuta kumchukua Kobe.

Ndiyo maana asubuhi ile tulikuwa uani tunatupiana maneno, na mama yuko barazani kwenye kiti chake anafumua pindo la gauni, akijifanya hasikii.

"Hebu nieleze," nikamwambia mume wangu. "Fundi yuko mjini, gari iko hapa. Ameisikiaje?"

Akanyoosha mgongo. "Nilimwigizia."

"Umemwigizia gari?"

"Kwenye simu. Aliniuliza inafanyaje, nikamfanyia."

Nikamwomba anifanyie na mimi. Shujaa akameza mkate, akapanua kifua, akafumba macho, na kutoka katika shimo la kifua kile kikatoka kishindo ambacho masikio yangu hayatakisahau: "Ngrrruuuu. Ngrrruuuu. Ngrrruuuu." Njiwa waliokuwa juu ya tangi wakaruka. Mtoto wa jirani akachungulia juu ya ukuta kuona lori limeingilia wapi.

Kisha barazani mkasi ukawekwa juu ya meza, na Malkia akanena.

"Mwanangu, hiyo ni sauti yako. Si ya gari."

"Mama, ndivyo inavyolia."

"Nyamazeni niseme, nyinyi mnaogombana juu ya kichwa changu kama vile sipo. Miaka arobaini nimekaa na cherehani. Cherehani ikilegea, inanguruma. Ukiikaza kupita kiasi, inalia. Jumanne nilikaa ndani ya gari ile tangu mlangoni hadi mlangoni, na mngurumo sikuusikia hata mmoja. Gari ile inalia. Kuna kitu kimekazwa. Mtafuteni aliyekikaza."

Nilimwona mume wangu akiacha kutafuna. Nikaliweka hilo kando, kama mtunza ghala anavyoweka stakabadhi asiyoielewa bado.

Nikachukua simu, nikampigia fundi, nikaiweka sauti ya nje, nikaipeleka barazani kwa heshima kama mtu anayepeleka barua ya serikali. Fundi aliitikia kwa sauti ya mtu aliyelala chini ya gari la mwingine. Akamwamkia mama, mama akaitikia, wakaulizana hali, nyonga ikatajwa, kuku akatajwa. Kisha mama akaishika simu kwa mikono miwili, akaminya midomo kama anayelowesha ncha ya uzi, akaimba: "Kwiii. Kwiii. Kwiii." Wembamba wake ulipenya meno.

Upande wa pili spana ikadondoka.

"Hiyo mbona ni breki inayobana," akasema fundi. "Jana mzee aliniimbia beringi."

Enyi wasikilizaji, hivi ndivyo ekseli nzima ilivyohukumiwa kifo: kwa sababu mume wangu hana sauti nyembamba. Hakusema uongo. Alifanya kwa uaminifu wake wote, kwa ala aliyopewa na Mungu, na ala hiyo ina noti moja.

Lakini msidhani vita viliishia hapo. Fundi alisema gari la kuvuta limeshatoka na kazi nyingine njiani, na kwamba yeye hawezi kutibu mgonjwa kwa simu mara mbili. Tulete tu gari, atalifungua lote aone. Lote. Nikamwona kuku akitandika kiota. Nikamwuliza swali moja tu: yeye akilipokea, kitu cha kwanza atakachokitazama ni kipi. Hapo fundi akawa muungwana. Akanipa siri ya ufalme wake kwa pumzi moja: ninyanyue tairi, nilishike juu na chini, nilitikise. Likicheza, beringi. Lisipocheza, nilizungushe kwa mkono, likigoma, breki.

Mume wangu alikuwa ameweka mikono nyuma. Akapiga hatua mbili mbele, akatoa tamko kwa sauti iliyofanya kamba ya nguo itetemeke.

"Mama watoto, mbele ya mama yangu aliyenizaa, nasema hivi. Tairi likicheza, gari inafungwa mnyororo, na sitaki kusikia neno mpaka irudi. Lisipocheza, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, nitalirudisha lile gari la kuvuta."

"Andika."

"Niandike wapi?"

"Basi. Mama amesikia."

Mama akainua fimbo yake, kama ishara kwamba mkataba umetiwa muhuri. Saa ilikuwa tano na robo.

Sasa ghalani tunafundishwa hivi: usiulize kwa nini mzigo umepungua kabla hujajua umepungua kwenye rafu ipi. Kabla ya kunyanyua chochote, nikataka kujua gurudumu lipi ndilo mkosaji. Nikamwingia Kobe, nikamwendesha kutoka getini hadi kwenye duka la kona na kurudi, bila kugusa breki ila mwisho, na mume wangu akikimbia kando na kandambili zake, kiganja nyuma ya sikio, kama tarishi aliyebeba habari za mfalme. Kwii, kwii, kwii, ikalia njia nzima. Watu wakasimama kutazama. Mwenye duka akauliza kama tunafanya mazoezi. Mume wangu, kwa kukosa pumzi, akajibu ndiyo.

Tuliporudi, nikashuka, nikachota kikombe cha maji. Nikasogeza mgongo wa mkono karibu na chuma cha gurudumu la nyuma kulia. Kimepoa kama sahani ya jana. Nikapita nyuma ya gari, nikasogeza mkono karibu na la kushoto, nikaurudisha haraka kuliko nilivyoupeleka. Nikadondosha tone moja la maji.

Tsss.

"Umesikia?" nikamwuliza.

"Nimesikia."

"Hiyo pia utaniigizia."

Tukamwacha Kobe apoe, mama akapata chai, na saa sita tukaingia katika sehemu ya pili ya mapambano. Jeki ilitolewa chini ya buti la gari, mahali ilipolala miaka mingi pamoja na mwavuli uliovunjika. Gia ya kwanza ikaingizwa. Na Tofali, lile Tofali Mlinzi, Tofali la miaka kumi na moja lisilowahi kusukumwa, likaondolewa nyuma na kuwekwa mbele ya gurudumu la mbele, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza maishani likawa na kazi ya kweli. Nikamwamuru mume wangu asiweke mguu, mkono wala udadisi chini ya gari. Nikashusha hendibreki hadi chini kabisa. Kisha nikazungusha jeki, naye Kobe akainua kitako chake polepole, kwa aibu, kama bibi anayepimwa gauni.

Tukaanza na la kulia, ili tujue mzima anafananaje. Nililisukuma kwa vidole viwili. Likazunguka, likazunguka, likaendelea kuzunguka nilipokuwa nimeshageuka. Tukashusha, tukahamia kushoto.

"Tikisa wewe," nikamwambia mume wangu. "Usije ukasema nimetikisa kwa huruma."

Akapiga magoti. Akalishika juu, akalishika chini, kama anayeshika pembe za dume. Akavuta, akasukuma. Halikucheza. Akakunja mikono ya shati, akavuta tena, na uso wake ukabadilika rangi, na mshipa ukamtoka shingoni, na Kobe mzima akayumba, lakini gurudumu na ekseli yake vilikuwa kitu kimoja kama ndugu wa damu. Akanitazama. Kuna nyakati ulimi hupumzishwa ili ufanye kazi zaidi.

"Izungushe basi," akasema.

Nikalizungusha. Ilihitaji mikono yote miwili na goti. Likasogea kiasi cha kiganja, na kutoka ndani ya lile bakuli la chuma linaloficha breki kikatoka kilio chembamba, kirefu, cha kuhuzunisha: kwiii. Na barazani mama akasema, bila kuinua macho kwenye pindo lake, "Huyo ndiye."

Hendibreki ilikuwa chini kabisa, lakini gurudumu lilikuwa bado limeshikwa. Mkono umeachia, vidole havijaachia. Kwa nini? Nikapanda ndani ya gari, nikafungua skrubu mbili za kile kifuniko cha plastiki kinachozunguka mkono wa hendibreki, kati ya viti viwili, na kukinyanyua.

Mnaosimulia kuhusu mapango ya hazina, kaeni kimya kidogo. Chini ya kifuniko kile nilikuta makombo ya biskuti za enzi mbalimbali, kifuniko cha kalamu, sindano ya cherehani ambayo mama aliitambua kutoka barazani kwa namba, na hereni yangu niliyoitafuta miaka miwili nikimshuku wifi yangu kimoyomoyo. Wifi, kama habari hii imekufikia, nisamehe. Na katikati ya vumbi hilo lote, kule waya unapoungana na mkono wa hendibreki, ilikuwepo nati.

Mtu asiye na diploma yangu angeona nati tu. Mimi niliona kwamba kila kitu mle ndani kina vumbi la kidole kizima, ila nati ile inang'aa. Pembe zake zilikuwa na mikwaruzo mipya. Nyuzi za skrubu zilizobaki mbele yake zilikuwa chache, na zile ilizopita nyuma yake zilikuwa safi. Bidhaa ilihamishwa kwenye rafu, na ilihamishwa hivi karibuni.

"Baba watoto," nikaita kwa upole, na upole wangu nyumbani kwetu unaogopwa. "Nani kagusa hapa?"

Akatazama tangi. Akatazama nguo. Akatazama Tofali, na Tofali halikumsaidia.

"Jumamosi mimi nilikwenda sokoni kwa miguu, na mama alikuwa amelala ndani," nikaendelea. "Nani alibaki na gari?"

Ndipo Mshika Funguo akavua kofia, akasimama mbele ya mama yake kama mwanafunzi aliyekosa vifungo, akakiri kwa sauti ndogo kuliko zote alizonazo, ambayo hata hivyo ilisikika hadi barabarani.

"Ni mimi. Niliikaza."

"Mara ngapi?"

"Mara sita."

"Sita kamili?"

"Sita na nusu."

"Kwa nini?"

Nilitegemea hotuba kuhusu miteremko. Nilikuwa nimeshaandaa majibu yake yote. Lakini alisema hivi:

"Mama anapopanda, anaweka mguu mmoja ndani, mwingine unabaki nje muda mrefu. Wiki iliyopita, pale kwenye mteremko wa getini, alipokuwa katikati, gari ilisogea. Kidogo tu, kama kidole. Nyinyi hamkuona. Mimi niliona. Usiku mzima nilikuwa naiona."

Basi, ndugu zangu, hata mwandishi mkali ana mahali ambapo kalamu hutulia. Mume wangu hakuwa amekaza nati. Alikuwa ameushika mguu wa mama yake, kwa spana, kwa siku tano, bila kumwambia mtu.

Mama alimtazama. Macho yake yakashuka hadi kwenye pindo la suruali ya mwanawe, yakapanda tena.

"Mwanangu," akasema, "nyonga yangu ilivunjika bafuni. Bafu halina hendibreki."

Kisha akaanza kucheka, na akicheka huyo mama hucheka mwili mzima, hata tukaogopea nyonga. Mume wangu naye akashikwa, na kicheko chake kikawarusha tena njiwa waliokuwa wameanza kurudi. Mimi nilicheka kidogo, kwa sababu ilikuwa saa saba kasorobo.

Silaha ya mwisho ilikuwa spana namba kumi. Niliisimika juu ya nati, nikavuta. Nati ikakataa. Ilikuwa imekazwa na mwana anayempenda mama yake, na kukaza kwa aina hiyo hakuachii kwa kuombwa. Nikavuta mara ya pili, spana ikateleza, kifundo cha kidole kikachubuka, na neno nililotamka sitaliweka katika kumbukumbu hii. Mara ya tatu nikaegemeza mgongo kwenye mlango, buti kwenye kiti cha abiria, nikaivuta kwa nguvu za mama zangu wote walionitangulia. Ikatoa mlio mfupi, kama mtu aliyekubali kwa shingo upande, ikageuka.

Moja. Mbili. Tatu. Mume wangu alihesabu kwa sauti pale nje, na kila namba ilitoka kama mzinga. Nne. Tano. Sita. Na nusu.

Nikampa chupa ya oili ya cherehani, ambayo mama aliitoa kwenye kikapu chake bila kuombwa. Akalala chali kando ya gari, mkono tu ukiingia, kwa ruhusa yangu, akadondoshea pale waya wa kushoto unapoingia kwenye mrija wake, kwa sababu palikuwa pamefanya kutu na ndiyo maana upande ule uling'ang'ania na wa pili ukaachia. Mimi juu nikavuta hendibreki na kuiachia, nikavuta na kuiachia, mara ishirini, kama anayepiga pampu. Mara ya kumi na tatu tukasikia kule nyuma kitu kikirudi mahali pake: tak.

"Zungusha," nikasema.

Akalisukuma gurudumu kwa mkono mmoja. Likazunguka nusu, likasita. Akalisukuma tena. Likazunguka mzunguko mzima, wa pili, wa tatu, likaenda kimya kabisa, mbio na laini kama uzi unaotoka kwenye kibonge.

Lakini breki isiyobana na isiyoshika si ushindi. Nikavuta taratibu nikihesabu meno: kwenye la tano, gurudumu likakaa imara, hata mume wangu alipolivamia kwa mikono miwili. Tukamshusha Kobe chini. Nikampeleka kwenye ule mteremko mfupi wa getini unaoshukia barabarani, nikavuta hendibreki meno matano, nikatoa gia, nikaondoa mguu. Bila gia. Bila Tofali. Mume wangu alisimama pembeni, ameuma mdomo, mikono nusu imeinuka kana kwamba atamdaka.

Kobe hakusogea. Si kidole, si ukucha.

Nikaenda hadi duka la kona, nikarudi. Redio ilisikika, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu Jumanne. Nikasogeza mgongo wa mkono karibu na gurudumu la kulia, kisha la kushoto. Vuguvugu na vuguvugu, kama mapacha waliotoka kuoga.

Ilikuwa saa saba na dakika thelathini na mbili lilipotokea gari la kuvuta, jekundu, refu, mnyororo ukining'inia nyuma kama mkia wa joka. Dereva wake akauliza mgonjwa yuko wapi. Wote tukamtazama mume wangu.

Akatembea hadi pale, akasimama chini ya dirisha. "Ndugu yangu," akasema, "nilitoa ahadi mbele ya mama. Gari haivutwi. Kosa lilikuwa langu, nati moja, mizunguko sita na nusu. Mwambie fundi nitampigia, na safari hii ataongea na mama." Dereva akaangalia Kobe, akamwangalia mama aliyekuwa anakuja taratibu na fimbo yake, akasema yeye ameamriwa avute gari, mambo ya nati hayajui. Akakubali chai ya kwenye chupa, akarudi nyuma, akaondoka na mnyororo wake mtupu.

Mama akafika kwenye mlango. Akaweka mguu mmoja ndani. Mwingine ukabaki nje, kama kawaida yake, muda mrefu, huku akitafuta mahali pa kushika, akirekebisha kanga, akikumbuka kikapu, akiniuliza kama nimezima jiko. Mume wangu alikuwa amesimama nyuma ya gari, Tofali mkononi, tayari ameinama nusu. Alilitazama gurudumu. Halikusogea. Mguu wa pili ukaingia. Mlango ukafungwa.

"Unaliweka wapi hilo?" nikamwuliza, nikiwasha gari.

Aliligeuza mkononi. Upepo, kama ilivyo desturi yake, ulikuwa unalirudisha geti ili limkwaruze Kobe ubavuni, pale pale linapomkwaruza kila siku kwa miaka kumi na moja.

"Limestaafu kwenye gari," akasema. "Kuanzia leo linashika geti."

Akalivuta geti mpaka mwisho, akaweka Tofali mbele yake, akalikanyaga mara moja likae. Geti likajaribu kurudi, likagonga, likatulia.

Basi na iwekwe katika kumbukumbu, wajukuu wasome na vitukuu wasimulie: kwamba siku ya Alhamisi, saa saba na dakika arobaini na moja, Kobe mbeba wakwe alipita katika geti lililo wazi bila kulia wala kunguruma, ubavu wake salama, Malkia akiwa kiti cha mbele na fimbo yake imetupwa nyuma, na kwamba Mshika Funguo, akiwa amebaki na oili ya cherehani hadi viwiko, alikwenda mwenyewe kwenye beseni akaanza kusuuza nguo.